Viatu vya Mwakani

Sebuleni mwao kulikuwa na bomba lisilopitisha maji. Lilianzia kando ya mlango, likapita chini ya dirisha, likaishia nyuma ya cherehani bila kuungana na kitu chochote. Baba ndiye aliyelikaza pale ukutani. Kazi yake ilikuwa kufunga na kuzibua mabomba ya watu, na siku alipomaliza hili alirudi nyuma kidogo, akakunja mikono kifuani, akasema, "Hili ndilo bomba pekee nililofunga maishani ambalo sitaitwa kuja kuliziba."

Mgeni aliyethubutu kutundika koti lake pale aliombwa kwa adabu alichukue, maana mwenye bomba angeweza kutokea wakati wowote. Mwenyewe alikuwa binti yao wa pekee, mtoto wa miaka kumi ambaye magoti yake yalitangulia kukua kabla ya viungo vingine kupata habari. Asubuhi alisimama pale akingoja chai ipoe. Jioni alisimama pale akikariri masomo, kisigino kimepumzika juu ya bomba, mguu wa pili umenyooka kama mwiko. Tangu alipoanza kujifunza baleti, ile dansi ya kusimama juu ya ncha za vidole, mtaa mzima ulimwita Korongo, naye alilipokea jina hilo kama mtu anayepokea cheo.

Mama yake alimtazama kutoka kwenye cherehani, pini zimejipanga mdomoni. Alikuwa amezoea kuongea na pini zake, na wateja wapya walijizuia wasimchekeshe wasije wakamuua. Alishona sare za shule, na sifa zake zilienea kwa jambo moja: upindo. Sketi iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na sketi nyingine imejificha ndani yake. Mtoto akirefuka, mzazi hufumua uzi na kuteremsha kitambaa, na mwaka mwingine unapita bila kununua nguo. Watu walimwita Mama Upindo. Wazazi walimpenda kupita kiasi. Watoto hakuna aliyewauliza.

Upindo ule ulikuwa na chanzo chake. Utotoni alikuwa na gauni moja la shule ambalo lilikuwa likimkimbia. Kila muhula lilipanda juu zaidi ya magoti, na kila muhula ilibidi ajifunze namna mpya ya kukaa: kuvuta pindo, kubana mapaja, kupakata mkoba. Alipoitwa ubaoni alijifanya hajui jibu, ilhali jibu lilikuwa likimwasha ulimini. Siku alipoinunua cherehani yake aliapa kimoyomoyo kwamba hakuna mtoto atakayekimbiwa na nguo aliyoishona yeye.

Basi mwalimu wa baleti alipotangaza kwamba kutakuwa na onyesho mbele ya wazazi, na kwamba kutokana na onyesho hilo atachagua watoto wa kuingia darasa la juu, nyumba ile haikuwa na habari nyingine. Darasa la juu lilifundishwa na mwalimu mwenyewe, kila jioni, na Korongo alilitaja akiwa macho na akiwa usingizini. Kila familia ilitakiwa kumwandalia mtoto wake vazi na viatu.

"Viatu vya nini kununua wakati mikono ninayo?" alisema Mama Upindo.

Alikifumua kiatu cha zamani kilichochakaa ili kuzijua siri zake, kisha akashona vipya, vya kitambaa kigumu kidogo chenye rangi ya waridi, soli zake za ngozi laini iliyotoka kwenye mkoba wake wa siku nyingi. Alishona akiimba. Mbele ya kila kiatu akaacha nafasi ya kidole kimoja, akaijaza pamba, akaikandamiza vizuri kwa gumba.

"Utakulia humo," alisema.

"Asante, mama!" Korongo alimrukia shingoni. Kisha akaenda kwenye bomba lake, akajiinua juu ya vidole, na kwa muda mfupi akatazama chini, kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka sakafuni.

Siku chache kabla ya onyesho, mwalimu alituma ujumbe kwamba anamhitaji mama mtu. Mama Upindo alizipanda ngazi za ukumbi, uliokuwa juu ya duka la rangi, gauni la onyesho limelala mkononi mwake kama mtoto mchanga. Alikuwa na uhakika kwamba anaitwa kupongezwa. Alikaa kwenye benchi, akajiweka sawa.

Watoto waliruka. Wengine walitua mara moja. Korongo alitua mara mbili: kwanza mguu, halafu kiatu. Pa-pah. Wenzake wakacheka kidogo, naye akacheka pamoja nao, kicheko cha mdomoni tu kisichofika machoni. Alipozunguka, mguu ulienda na kiatu kikachelewa, na Korongo akajikuta ameketi sakafuni kama mtu anayesubiri kuletewa chakula.

Mwalimu alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, na goti lake la kulia lilikuwa likilia ko! kila alipopiga hatua. Alikuja mpaka kwenye benchi.

"Mama, mwanao ana mgongo mzuri, ana sikio la muziki, na moyo anao. Ila siku hizi miguu yake siioni."

"Huioni? Si ile pale, mwalimu?"

"Naona viatu."

Alimwita Korongo, akainama, goti likalia, akabonyeza ncha ya kiatu. Gumba lake likazama.

"Hivi viatu umemshonea nani?"

"Umh! Si huyu huyu mwanangu?"

"Huyu, au yule wa mwakani?"

Mama Upindo alihisi joto likimpanda shingoni. "Mwalimu, watoto wanakua. Ukigeuza uso tu, wamekupita."

"Wanakua, wala sikatai." Mwalimu alilichukua lile gauni, akalinyanyua, akalilinganisha na mwili wake mwenyewe. Lilikuwa karibu kumtosha. Akalirudisha taratibu, bila kucheka, ingawa mashavu yake yalifanya kazi kubwa. "Lakini onyesho ni Jumamosi, mama. Atakayecheza Jumamosi ni huyu wa sasa. Na mimi siwezi kumpandisha darasa mtoto ambaye miguu yake sijaiona."

Waliteremka ngazi. Harufu ya rangi mbichi iliwapokea chini.

"Kwa nini hukuniambia?" mama aliuliza hatimaye.

Korongo alivuta pumzi. "Ulikuwa unaimba ulipokuwa unavishona."

"Sasa?"

"Sasa nikaona bora nikue haraka. Ndiyo maana nilikuwa nakula sana."

Mama akasimama katikati ya njia. "Kumbe wewe ndiye unayemaliza mkate! Na mimi nimemnunia baba yako wiki nzima!"

Walicheka, lakini mama hakucheka mpaka mwisho. Njia nzima alimtazama mtoto aliyemtangulia, na kwa mara ya kwanza alitazama kama fundi anavyotazama nguo ya fundi mwingine. Sketi ya shule ilimning'inia kiunoni kwa pini. Mikono ya sweta ilikuwa imekunjwa na kukunjwa tena. Akakumbuka sketi iliyotangulia hiyo, na iliyotangulia hiyo nyingine. Zote zilifika siku ya kumkaa sawasawa, hilo ni kweli, ila siku hiyo ilipofika zilikuwa zimekwisha pauka. Mtoto wa fundi hakuwahi kuvaa nguo iliyokuwa mpya na yenye kumtosha kwa wakati mmoja. Mama yake alikuwa akimvisha kwa uangalifu mkubwa binti mwingine, mrefu zaidi, ambaye kila mara alikuwa bado hajafika, na huyu aliyekuwepo akawa anaishi ndani ya nguo za mgeni.

Ijumaa mchana aliwaomba wateja warudi siku nyingine. Alimketisha Korongo juu ya meza ya kukatia, akauweka mguu wake mapajani. Ulikuwa mguu mwembamba wenye upinde wa kushangaza katikati, kidole cha pili kirefu kuliko gumba. Alikuwa ameuosha mguu huo tangu ulipokuwa unaenea kiganjani, na bado akaona kama analetewa kwa mara ya kwanza.

Akatandaza kitambaa, akaukanyagisha, akachukua chaki, akauzungushia mstari. Mkono wake haukusimama hapo. Ukaendelea wenyewe, taratibu, ukachora mstari wa pili nje ya ule wa kwanza.

"Mama."

"Mm?"

"Umemchora yule mwingine tena."

Mama Upindo aliangalia chini. Mistari miwili, mmoja unaufuata mwingine kama kivuli. Kicheko kilimjia kutoka mbali, bila hodi, na pini zote zikamruka mdomoni zikatawanyika sakafuni.

"Asisogee mtu!" alipiga kelele. "Korongo, mguu juu!"

Korongo, ambaye alikuwa ameshashuka mezani kwa furaha, akainua mguu na kusimama kama alivyokuwa. Kwa kazi hiyo hakuhitaji kuhimizwa. Baba alikuwa ndiyo kwanza anaingia na begi lake la spana. Aliwaangalia: mke anacheka mpaka machozi, binti kwenye mguu mmoja katikati ya sebule.

"Nyumba hii," alisema, "siku nikiikuta kimya nitajua nimekosea mlango."

Alitoa sumaku begini, akapiga magoti, akaanza kuwinda pini. Juu yake, mama alikuwa ameshaufuta ule mstari wa nje kwa kitambaa chenye maji, na mkasi ulikuwa mkononi umefunguka, haujashuka.

"Vikimbana mwezi ujao je?" alisema, kama anayemuuliza mkasi.

"Utashona vingine," baba alijibu kutoka chini ya meza. "Mimi nikimfungia mteja bomba kubwa kuliko koki yake, halafu nimwambie asijali, koki itakua, si atanipiga?"

"Baba, hata mimi ningekupiga," Korongo alisema, bado kwenye mguu mmoja.

"Nyamaza wewe, mla mkate. Nimenuniwa kwa ajili yako."

Mkasi ukashuka. Ulikata juu ya mstari wenyewe, na sauti yake ilikuwa kavu, fupi, isiyorudi nyuma. Baada ya viatu likafuata gauni. Alilifumua upindo wake mnene, akalikata palipostahili, na kile kipande kirefu kilichobaki kikaanguka miguuni pake. Alikitazama. Mkono ulitaka kukiokota na kukiweka. Akakiacha.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mama Upindo alikaa safu ya pili, na kwa mazoea alianza kukagua mishono ya watoto wa wenzake: huyu kafungwa vibaya, yule zipu inataka kukosana naye. Baba alishika simu juu ya kichwa chake, tayari kupiga picha, kidole chake kimeziba nusu ya kioo cha kamera.

"Ndiye yule?" alinong'ona kwa sauti iliyofika jukwaani.

"Siye. Tulia."

"Na yule?"

"Yule ni mvulana, baba Korongo."

Kisha Korongo akaingia. Alitembea, hakukimbia, na gauni lilikomea pale lilipotakiwa kukomea, wala hakulivuta, wala hakulikumbuka. Mama alijikuta anaishika sketi yake mwenyewe magotini, akaiachia. Muziki ukapanda. Korongo akaruka.

Alipotua, sakafu haikusema kitu.

Akaruka tena, na tena ukumbi ukaunyamazia ule mruko. Miguu ilionekana yote, upinde wake, visigino vyake, kile kidole cha pili kilichojifanya kikubwa, kana kwamba hapakuwa na kiatu, au kana kwamba viatu vimeota hapo kama kucha. Aliyumba mara moja, kwenye mzunguko wa mwisho. Mtoto akajiokota kabla hajaanguka, akatabasamu, safari hii mpaka machoni, na akamalizia mbele kabisa ya jukwaa, mkono mmoja umeinuka juu kama mwanafunzi anayelijua jibu na hajali nani anamtazama.

Baada ya makofi, familia zilibanana kwenye ujia. Mwalimu alipita, goti lake likimtangulizia habari. Hakusimama. Alipowafikia alipunguza mwendo tu, akamtazama Korongo kuanzia chini.

"Jumatatu jioni," alisema. "Uje na miguu hiyo hiyo."

Baba alitoa mlio ambao watu waliokuwa karibu walidhani ni wa mtu aliyekanyagwa. Akamnyanyua binti yake, akamzungusha, akamgonga ukutani kidogo, akaomba radhi kwa ukuta. Simu yake ilikuwa imejaa picha za kidole chake.

Mama alimketisha Korongo kwenye benchi, akapiga magoti mbele yake ili amfungulie riboni za viatu. Kwa mazoea ya miaka mingi, kama alivyomfanyia kila mtoto aliyewahi kusimama mbele yake, gumba lake likaenda lenyewe kwenye ncha ya kiatu na kubonyeza.

Halikuzama. Palikuwa na kidole tu, kimejaa mahali pake, kina joto la kucheza. Akabonyeza tena, polepole zaidi. Na kutoka ndani, kidole kikamsukuma.