Kitanda cha Sekela Kimehama Ukutani

7.

(Msomaji, ndiyo, tunaanza na saba. Kiini cha seli nacho hakisomwi kuanzia mwanzo. Husomwa panapofunguka; palipofungwa, kama nne, hurukwa.)

1.

TANGAZO
Kitanda kilichoonekana katikati ya bweni kirudishwe ukutani kabla ya ukaguzi wa Jumamosi. Aliyekihamisha ajitokeze.
— Matroni

2.

Alijitokeza Bupe. Ndiye aliyewahi kumvisha mbuzi wa shule tai ya mwalimu wa zamu, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Walishangaa kwamba hakucheka.

Kitanda ni cha Sekela, rafiki yake, aliyepelekwa hospitali Jumatatu. Selimundu, ugonjwa wa damu. Alitolewa bwenini akiwa ameuma kona ya mto, asije akapiga kelele.

Mto bado una meno yake.

3.

Darasani, Mwalimu Shemdoe:

"Kila kiini kimebeba jeni zote, lakini hazikutupwa ovyo. Zimepangwa kama bweni. Zilizobanwa ukutani, nyingi hulala. Za katikati, nyingi husomwa."

"Na za Sekela, Mwalimu?"

"Anayo jeni ya damu ya kichanga. Haina kasoro. Tumboni mwa mama yake ilifanya kazi, hakuumwa hata siku moja. Alipozaliwa ikafungwa, kama yangu, kama yako."

"Kwa hiyo ipo?"

"Ipo."

"Nzima?"

"Nzima, Bupe. Kaa chini."

Ipo.

5.

Sauti za bwenini, kabla ya tangazo, kitanda kikiburutwa katikati:

"We Bupe, kisayansi huu ni upuuzi."

"Basi toa mguu, upuuzi upite."

"Mwalimu kasema kusogeza jeni peke yake hakutoshi!"

"Sasa nisogeze nini? Kitanda ndicho ninachokifikia."



Kisha mikono mingine, mingi.

5 tena.

OMBI RASMI

Kwa Mheshimiwa Jeni, uliyelala tangu Sekela alie kwa mara ya kwanza. Kwa heshima na taadhima tunakuomba uamke. Amka. Amka, mjinga wewe, am

6.

Jumamosi. Hospitali ilikuwa imepiga simu ofisini. Kupitia dirishani wasichana walimwona Matroni akivua miwani.

Akaingia bwenini. Kwapani, shuka lililokunjwa.

La kutandika?

Au la kufungia vitu vya mtu?

"Shikamoo, Matroni."

Alishika chuma cha kitanda cha Sekela, upande wa kichwani.

"Bupe, mwanangu. Shika miguuni."

"Tunakipeleka wapi, Matroni?"

"Shika kwanza."

Bupe akashika. Sakafu ikalia. Kitanda kikaanza kwenda