Kiraka cha Toleo la Zamani

Kazini walimwita Bi Kiraka, na jina hilo hakulichukia. Wenzake wote katika kitengo walikuwa wakihangaika na matoleo mapya ya mfumo endeshi, yale yenye mambo ya kuonyesha watu. Yeye alikuwa amebaki na toleo la zamani, lililokwisha kutulia, lisiloongezewa kitu tena isipokuwa viraka. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza, ngumu kuifanya. Hitilafu ikigunduliwa na kutibiwa kwenye kiini cha toleo jipya, yeye huyachukua yale marekebisho akayarudisha nyuma, akayapunguza huku na kuyaongezea kule, mpaka yakae kwenye kiini cha zamani bila kuharibu kilichokuwa kizima. Na kiini ndicho sehemu ya ndani kabisa ya mfumo, inayosemezana na vyuma vyenyewe. Mtumiaji hakioni, lakini kikikohoa tu, mashine nzima inalala.

"Usiache mbachao kwa msala upitao," aliwajibu waliomtania kwamba anauguza maiti. Toleo hilo, pamoja na uzee wake, lilikuwa bado linaendesha mashine chungu nzima katika sehemu ambazo hakuna mtu anayethubutu kubadilisha kitu: lifti za majengo marefu, mizani za bandarini, mitambo ya kuchapa, pampu za maji.

Sababu nyingine hakuwa akiisema. Toleo lile lilikuwa limezaliwa mbele ya macho yake.

Enzi hizo yeye na kaka yake walifanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya duka la fundi redio. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na mlango haukufungika mpaka uunyanyue kidogo kwa goti. Kompyuta yao waliivua mfuniko ili ipoe, na vumbi likizidi kaka yake alilipuliza kwa pampu ya baiskeli. Kompyuta kuyageuza maandishi yao kuwa kiini kizima kulichukua muda mrefu hivi kwamba waliweza kwenda kula, wakarudi, wakagombana na wakapatana kabla kazi haijaisha. Fundi redio alikuwa akiwagongea ukuta kuwauliza kama wamekufa. Kaka yake ndiye aliyemfundisha yote, tena bila maneno mengi. Alikaa kando yake, na akimwona anaharakisha, anamshika mkono.

"Soma kwanza," humwambia. "Aliyeandika hapa alikuwa na sababu. Itafute, ukiipata ndipo uamue kuifuta."

Baadaye kampuni kubwa iliichukua kazi yao, nao wakahamia ghorofani, kwenye viti vinavyozunguka. Kaka hakudumu huko. Katika kikao kimoja wakubwa waliamua kwamba ile sehemu aliyoiandika yeye, inayopokea ujumbe wa vifaa vya nje kupitia nyaya, itaandikwa upya yote katika toleo linalofuata. Hakubisha wala hakununa. Alikunja waya wa kibodi yake, akaaga vizuri, akaenda kusaidiana na mkewe katika duka lao la kuoka mikate. Tangu siku hiyo habari za kazi zikawa haziguswi kati yao. Wakikutana walizungumzia watoto, magoti ya mama yao, mvua. Kaka hakuuliza, na dada, kwa kuchelea kutonesha kidonda, hakusimulia. Miaka ikaenda hivyo, na wote wawili wakajifanya wamezoea.

Asubuhi moja simu ya mezani kwake ililia. Alikuwa ni fundi wa mamlaka ya maji ya mji mmoja wa mbali, mtu ambaye Bi Kiraka alimjua kwa sauti tu.

"Shikamoo mama. Pampu zangu zinaganda."

"Marahaba. Zinazimika?"

"Afadhali zingezimika. Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini ukiziamrisha hazisikii. Tukiwasha upya zinakubali, kesho yake hadithi ileile. Watu wameshika ndoo mji mzima, na sura wanayoijua ni yangu."

Bi Kiraka alimtuliza, akaingia kazini. Haikumchukua muda kuona kwamba ugonjwa kama huo ulikuwa umepatikana kwenye toleo jipya na umeshatibiwa, tena kwa mstari mmoja. Alibadilisha majina mawili matatu yaliyokuwa yakitofautiana, akaubandika mstari mahali pake kwenye toleo la zamani, ukakaa kama soksi mguuni. Majaribio ya mashine yakapita yote.

Mkuu wa kitengo, mwanamke mpole lakini asiyependa kungojeshwa, alisimama nyuma ya kiti chake. "Basi kiraka tukitoe, dada. Unangoja nini?"

Bi Kiraka alimwonyesha kwenye skrini. Juu kidogo ya ule mstari mpya palikuwa na maelezo yaliyoachwa na aliyeandika sehemu ile zamani, maneno ya kawaida ambayo mashine huyaruka: *Hapa pasiguswe kabla ya kuniuliza.* Hakuweka jina. Aliona hapana haja.

"Nangoja kumuuliza," alisema Bi Kiraka.

"Yupo hai?"

"Yupo. Anaoka mikate."

Mkuu alimtazama kuona kama anataniwa, akaona hataniwi. "Basi mwahi," alisema.

Njiani Bi Kiraka alipanga maneno, akayapangua. Alipofika dukani mchana, wifi yake alikuwa kaunta akiwafungia wateja mikate. Alimpokea mkoba, akamwuliza habari za nyumbani, kisha akamwelekeza kwa kidevu nyuma. Huko kaka alikuwa akikanda unga, mikono myeupe hadi viwikoni, na tumbo ambalo zamani hakuwa nalo.

"Mama hajambo?" aliuliza kaka kwa haraka. Si kawaida dada yake kumjia siku ya kazi.

"Hajambo. Nimekuja kwa jambo la kazi, kaka. Toleo letu lina tatizo."

Kaka hakuacha kukanda. "Toleo lipi letu?"

"La chumba cha fundi redio."

"Hilo si mlilizika?"

"Walizika wengine. Mimi sikwenda mazishini."

Kaka alicheka kidogo puani, kisha mikono ikapunguza mwendo, ikasimama. "Linaendesha nini mpaka leo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini.

Bi Kiraka akamtajia. Alimtajia lifti na mizani, akamtajia mitambo ya kuchapa, na mwisho akamweleza habari za pampu. "Mji ule hakuna anayekunywa maji ambayo hayakupitia mikononi mwako," alimwambia. "Nilikuwa nataka kukwambia siku nyingi. Nilidhani hutaki kusikia."

"Na mimi nilidhani hamna cha kunieleza," alisema kaka. Alikwenda kwenye bomba akanawa mikono muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji. Aliporudi alikuwa ametia miwani. Alitandika gazeti juu ya meza, akaweka kompyuta ya dada yake juu yake, akaanza kusoma huku akifuata mistari kwa kidole, kama alivyokuwa akifanya zamani. Dada alivuta gunia la unga akalikalia, akamngoja.

"Kiraka hiki kwao ni dawa," alisema kaka mwishoni. "Kwetu ni sumu."

Bi Kiraka aliusikia ule "kwetu".

"Tazama," kaka aliendelea. "Ujumbe ukifika, kiini kinautafutia nafasi kwenye kumbukumbu. Chukulia ni kumpa mgeni kikombe. Akimaliza kunywa, kikombe kinarudi kabatini. Hawa wa toleo jipya walisahau kukirudisha, vikombe vikaisha, mashine ikaduwaa. Kiraka chao kinakirudisha. Lakini mimi kikombe hicho nilikuwa nakirudisha kule chini ya maandishi, kwa sababu vifaa vya siku zile vilikuwa vinakata maneno katikati. Unakumbuka ile mizani iliyotutoa jasho?"

"Naikumbuka. Uliitukana matusi yote unayoyajua."

"Na mengine nikayatunga. Sasa ukitia mstari huu, kikombe kinarudishwa mara mbili. Na mara ya pili kimeshapewa mgeni mwingine. Unampokonya yuko katikati ya kunywa."

"Pampu zitafanya nini?"

"Leo hazifanyi kitu, na wiki ijayo hazifanyi kitu. Siku moja zitasoma namba isiyo yao, na zitaiamini."

Bi Kiraka alilisogeza gunia lake karibu na meza. "Kwa hiyo zetu zinagandishwa na nini?"

Hilo hata kaka hakulijua. Walisoma tena pamoja, vichwa vimekaribiana, wakikosoana na kukatizana. Ni dada aliyeona. Kulikuwa na njia moja ya pembeni ambako kikombe hakikurudi kamwe: ujumbe ukifika mtupu, bila neno hata moja ndani yake.

"Kifaa gani kinatuma ujumbe mtupu?" kaka alishangaa. "Unampigia mtu simu ili umnyamazie?"

Bi Kiraka alimpigia fundi wa maji papo hapo. Ndiyo, alijibu fundi, walikuwa wamefunga vipimo vipya vya kimo cha maji, na kisima kikiwa hakijabadilika, vipimo vile havisemi kitu. Ila vinabisha hodi kila mara.

Kaka alikuwa ameshavuta kibodi. Macho yalimng'aa. Alitaka kuipangua sehemu yote, kuipa umbo safi, kuondoa zile njia za pembeni. Dada akamwekea mkono juu ya mkono wake.

"Hapana, kaka. Hapa hatupambi. Tunatia mistari michache panapovuja, tunaondoka. Mashine zilizolizoea hivi lilivyo ni nyingi kuliko mimi na wewe."

Kaka alimtazama juu ya miwani. "Ubahili huu nani kakufunza?"

"Hili toleo," alisema dada. "Miaka yote hii niko nalo mimi."

Kaka aliitikia kwa kichwa taratibu, akamsogezea kibodi. Dada akaandika, yeye akitazama. Alimsahihisha mara moja tu, na hata hapo dada ndiye aliyekuwa sahihi, naye kaka akakubali. Walikuwa wamezama hivyo wakati wifi alipofungua mlango huku akikohoa kwa moshi. Trei nzima ya mikate ilikuwa imegeuka mkaa.

Wifi aliingia akaitoa, akaiweka chini, akawatazama wawili wale waliokuwa hawana hata habari. "Toka nimeolewa hajawahi kuunguza mkate," alimwambia Bi Kiraka. Hakuonekana kukasirika. Alikwenda kuwaletea chai.

Kiraka kinapotoka huandikwa majina ya waliokitengeneza na waliokikagua. "Niliweke lako?" dada aliuliza akifunga kompyuta.

Kaka alijifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu. "Liweke. Na ufute yale maneno ya pale juu. Nilikuwa kijana. Nilidhani nitakuwepo siku zote."

Jina aliliweka. Maneno hakuyafuta, anayetia kiraka hagusi pasipouma. Kesho yake walikijaribu kwa kukitumia kiini ujumbe mtupu baada ya ujumbe mtupu, nacho hakikutetereka. Fundi wa maji akakipokea kiraka, akakiweka, akanyamaza kimya kilichomtia dada wasiwasi, mpaka alipopiga tena kusema kwamba amesahau kumpa habari kwa sababu amelala usingizi wa haja tangu siku ile.

Toleo halikuishi milele. Kabla ya mwaka kwisha kampuni ilitangaza kwamba halitapokea viraka tena. Mamlaka ya maji na wengine waliobaki walikuwa wameshaandaliwa njia ya kuhamia. Siku Bi Kiraka alipotoa kiraka cha mwisho na kuandika tangazo la kulifunga, kaka yake alikuja ofisini akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Mkuu wa kitengo alimpa kiti. Majibu yakaanza kuingia kutoka kwa watu wasiowajua: mmoja alikuwa na kinu cha kusaga kilichokuwa hakijazimwa kwa miaka, mwingine mnara wa redio kisiwani. Wengi walisema ahsante tu. Kaka aliyasoma yote bila haraka, na hakuna aliyemwambia muda umekwisha.

Waliteremka ngazi pamoja, kwa kuwa kaka hakutaka lifti. Barabarani jua lilikuwa limepoa, na wanafunzi walikuwa wakirudi makwao.

"Ile sehemu ya nyaya," alisema kaka, "katika toleo jipya waliiandikaje?"

Dada alifikiri kumficha, akaona haifai. "Vizuri, kaka. Vizuri kuliko yako."

Kaka alitembea kidogo, mikono mfukoni.

"Basi nionyeshe," alisema. "Njoo Jumapili. Duka tunafunga mapema."