Tolliver Alivyofundishwa Kusimama

Bi Odell Crutcher alimlea Tolliver kwa chupa. Mama wa yule farasi alikufa siku ya tatu baada ya kuzaa, na Bi Odell, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amestaafu upishi wa shule, akawa anashinda bandani na maziwa ya unga na taulo, akimfuta mdomo kama mjukuu. Namjua Tolliver tangu wakati huo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kwato kwenye barabara ile. Naitwa Lonnie Pruett.

Farasi wetu wa huku Tennessee hawadundi wanapokwenda. Mguu wa nyuma unapita mbali mbele ya alama ya mguu wa mbele, kichwa kinaitikia kila hatua, na wewe uliye juu unahisi unateleza tu. Tolliver alizaliwa na mwendo huo. Alipofika miaka mitatu Bi Odell alimpanda kwenda naye kanisani Jumapili, na hakuna nywele yake hata moja iliyohama mahali pake.

Lakini kwenye maonyesho ya farasi hawatazami mwendo huo. Wanataka miguu ya mbele ipae hadi kifuani na ya nyuma ichuchumae, uwanja mzima usimame kupiga kelele. Mwendo huo farasi hazaliwi nao. Hutengenezewa.

Royce Hargis, mfunzaji mkubwa wa upande wetu, alikuja siku moja nikiwa uani kwa Bi Odell, ukwato wa Tolliver mapajani mwangu.

"Bi Odell," alisema, amejiegemeza uzioni, "farasi kama huyu unamficha huku ale majani tu? Dhambi hiyo."

"Dhambi zangu nazijua zote, Royce. Hiyo haimo."

"Nipe mpaka kiangazi. Nitamrudisha na utepe wa bluu wa mshindi, na wewe utaninunulia kofia mpya."

"Kofia kwa kichwa hicho? Labda nikushonee turubai."

Walicheka. Kisha mama yule akanigeukia mimi. "Lonnie, wewe uko kwake kila wiki. Anawatunza farasi wake?"

Nilikuwa na misumari mdomoni. Ningeweza kuitema. "Anawatunza, Bi Odell," nikasema, misumari ikiwa palepale.

Nusu ya kwato nilizozishughulikia zilikuwa za banda la Royce. Baba yangu naye aliwafanyia kazi akina Hargis. Sikujiona mwongo. Nilijiona mtu anayejua kukaa na majirani.

Tolliver alikwenda kwa Royce mwezi wa Oktoba. Mimi ndiye niliyempigilia vile viatu: tabaka juu ya tabaka la ngozi na plastiki, mpaka akawa amesimama kama mwanamke aliyevalishwa viatu vya kisigino kirefu kwa nguvu. Juu ya kwato akafungwa minyororo ya kumgonga kila anapokanyaga. Halafu yakaja mafuta ya haradali na dizeli, yakipakwa pale pale minyororo inapogonga, mguu ukafungwa nailoni uive. Hayo alifanya Royce mwenyewe. Mimi nilikuwa natoka nje kuvuta sigara. Mguu ukiwaka hivyo farasi hataki kuuweka chini, kwa hiyo anauinua haraka na juu sana, na watu wakiona wanasema ana moto wa asili.

Sheria inakataza. Ndiyo maana kuna wakaguzi mlangoni mwa uwanja, wanaobonyeza miguu kwa kidole gumba kuona kama farasi atashtuka. Na ndiyo maana, Jumanne moja asubuhi, nilikuta kile ambacho bado nakiona nikifumba macho.

Dwight, msaidizi wa Royce, alikuwa amechuchumaa akimbonyeza Tolliver mguu. Tolliver akauvuta. Royce, aliyeshika hatamu, akampiga puani kwa mpini wa mjeledi. Dwight akabonyeza tena. Akauvuta tena. Akapigwa tena. Sikuhesabu. Mwishowe Dwight alibonyeza, na Tolliver akasimama kimya kama nguzo, jasho likimtiririka mbavuni, wakati banda lilikuwa la baridi kiasi cha kuona pumzi zetu.

"Umeona, Lonnie?" Royce alisema. "Kichwa chepesi huyu. Mkwe wangu ningemfundisha mwaka mzima."

Dwight alicheka. Nami nilicheka.

Julai tulikwenda kwenye maonyesho ya kaunti ya jirani. Mkaguzi, kijana mwenye miwani, alibonyeza miguu yote miwili ya mbele, mara mbili mbili. Tolliver hakusogea. Kijana akaandika kwenye karatasi yake na kumpigapiga begani. "Mpole sana," alisema.

Akashinda. Bi Odell alikuwa jukwaani na gauni la njano, analia na kucheka, akimwambia kila aliye karibu naye, "Nilimlea kwa chupa huyo! Kwa chupa!"

Alikuja mabandani na utepe wa bluu mkononi. Royce alikuwa bado anapigwa picha. Nilikuwepo mimi peke yangu. Alimwita Tolliver kwa jina. Farasi hakugeuza kichwa. Akacheka kidogo, "Ameshapata majivuno," akaingia, akainama kumpapasa miguu kama alivyozoea tangu yule ni mtoto.

Tolliver hakuvuta mguu. Alikaza shingo, akafumba macho, akasogeza pua yake pembeni, taratibu, akingoja.

Bi Odell akasimama wima. Alimtazama usoni muda mrefu, akainua mkono wake polepole kuelekea pua ile, na mwili mzima wa farasi ukatetemeka.

"Anangoja nini, Lonnie?"

Nilianza kusogeza ndoo ya maji.

"Nimekuuliza. Anangoja nini huyu mtoto?"

"Anangoja kupigwa, Bi Odell."

"Na hivi viatu, nani kampigilia?"

"Mimi."

Aliuweka utepe juu ya ndoo ya maji, bila hasira, kama mtu anayeweka kitu kisicho chake. "Kalete trela yangu," alisema.

Nyumbani kwake nilimvua Tolliver mzigo ule kwa mikono yangu. Sikuwa tayari kwa nilichokiona. Kwato zilikuwa zimeoza chini ya ngozi, na zilinuka. Daktari wa wanyama, Bi Maribeth Sloan, alikuja kesho yake na mashine ya eksirei. Mfupa wa ndani ulikuwa umeachana na ukwato, miguu yote miwili, unashuka kutoboa wayo. Wakajaribu siku kumi na moja: mchanga laini wa kusimamia, dawa, vitambaa. Siku ya kumi na mbili Tolliver alilala na hakutaka kuinuka tena.

Bi Odell alinipigia simu. "Njoo umshike kamba. Mimi nataka mikono yangu miwili iwe huru."

Nilishika kamba. Yeye alikaa kwenye nyasi, akakipakata kile kichwa kikubwa, akikipapasa kuanzia masikioni kushuka, mpaka mkono ukafika puani. Safari hii Tolliver hakutetemeka. Sijui kama alimkumbuka, au alikuwa amechoka tu. Daktari akachoma sindano ya kumpumzisha. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali.

Wiki ile nilikwenda kwa wakaguzi nikaeleza yote, nikaanza kwa kutaja jina langu mwenyewe. Royce alizuiwa kushiriki maonyesho kwa miezi minane. Farasi wake waliingia uwanjani kwa jina la shemeji yake, na msimu uliofuata alirudi mwenyewe, watu wakamshangilia. Mimi kanisani wananiachia benchi zima.

Nilimwandikia Bi Odell barua. Hakujibu. Bado ana nyumbu wawili wazee wanaohitaji kukatwa kwato kila baada ya wiki sita, na naishi umbali wa dakika tano kutoka kwake. Anamwita fundi kutoka kaunti nyingine. Huwa naliona gari la fundi huyo, la kijani, likipita mbele ya nyumba yangu, na baada ya saa moja hivi likirudi.