Cheti cha Rawiya wa Kwanza

Samaki mkunje angali mkavu. Ndivyo Bi Rawiya alivyowajibu wenzake mahakamani walipomcheka kwa kuomba kusoma sheria ilhali mvi zishamtoka.

"Mbichi humponyoka mtu," alisema, vidole vikiendelea na taipu.

Tangu mwaka 1980 mpaka ule wa 2002 alikuwa akiwapigia watu taipu viapo vya kuzaliwa, na mstari wa mwisho haukubadilika: haya niliyoyasema ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu.

Fomu ya chuo ilitaka cheti cha kuzaliwa, mwisho Jumatano. Jumapili akenda Kiembe Samaki kwa mama yake, Bi Afra, anayekihifadhi sandukuni. Baba yake, Mungu amrehemu, ndiye aliyekipeleka skuli, kisha kazini. Yeye aliyesoma vyeti vya mji mzima hakuwahi kukisoma chake. Siku hiyo akakifungua: Rawiya binti Sleiman, Machi 1957.

"Mama, kaka Azzan kazaliwa hamsini na tisa. Mie mdogo wake nimtangulieje?"

Bi Afra alimimina chai kwanza.

"Hicho si chako, mwanangu. Cha Rawiya wa kwanza. Surua ilimchukua hajatimiza miaka mitatu. Ulipozaliwa wewe, sitini na moja, tukakupa jina lake. Baba yako akasema cheti kipo, jina lile lile, ya nini kusumbua ofisi?"

"Basi mie nani?"

"Wewe Rawiya. Kunywa chai, inapoa."

Jumatatu alikaa mbele ya taipu kama mgeni. Aliyeajiriwa nani? Aliyeozwa nani? Alianza kiapo chake, akakichana. Akaanza tena, akakwama penye "mimi".

"Shoga, umepata miaka minne ya bure!" Mmanga, mpiga taipu mwenzake wa meza ya pili, alicheka. "Ichukue! Au peleka hicho cheti, unyamaze. Nani atajua?"

"Ntajua mie," alisema Rawiya, ingawa siku ile hakuwa na hakika hata ya hilo "mie". Cha tatu hakukichana.

Jumatano, Shamsi, karani wa chuo, alisoma kiapo, akasoma cheti, akarudi kwenye kiapo.

"Bi mkubwa, miaka yote hii umetumia cheti cha maiti?"

"Nshaandika hapo."

"Fomu ntaipokea. Ila uandike barua ya kuomba radhi kwa udanganyifu. Mistari miwili tu. Bila hiyo jalada haliendi popote."

Akamsogezea kalamu. Rawiya aliitazama. Radhi amwombe nani? Chuo? Baba yake kaburini? Au yule mtoto wa surua aliyemwachia jina? Kichwa kilimzunguka. Jambo moja tu lilisimama wima, na hilo amelisikia mahakamani mara elfu: anayeomba radhi amekiri.

Akairudisha kalamu upande wa Shamsi.

"Kiapo ntakisimamia mbele ya hakimu yeyote umtakaye, mwanangu. Radhi siombi."