Kompyuta ya Ghala la Maharage

Ifahamike kwa watu wote kwamba mwaka 1973, katika shule moja ya bweni ya wasichana huko Iringa, ilizinduliwa kompyuta. Ilikuwa ni wasichana watano waliojibana katika ghala la maharage, wakitekeleza maagizo yaliyoandikwa kwenye kadi.

Kadi kumi za kwanza zilikuwa za kuiwasha. Zikiisha, ingeanza kujumlisha. Mkuu wa shule alishasema isipojumlisha kabla ya kengele ya chakula, maharage yatarudishwa humo. Lakini kila walipofika kadi ya saba, iliwaamuru warudi kwenye ya kwanza.

"Dada Verediana, labda kompyuta ina njaa," alisema Rozalia, akijikaza asicheke.

"Nyamaza wewe. Tunakagua moja moja."

Verediana, kiongozi wao, alilinganisha kadi na daftari la Mwalimu Kalinga, aliyetunga maagizo hayo. Agizo la saba halikufanana. Akaigeuza kadi. Ilikatwa kwenye jalada la daftari, na nyuma ilikuwa na namba 47, ileile iliyoshonwa kwenye mashuka ya Rozalia.

Wote wakamtazama. Kengele ilikuwa bado robo saa.

"Ni mimi, dada," alisema Rozalia. "Nilitaka kuona kama itajua imedanganywa. Kadi yenyewe iko kwenye soksi yangu. Nisameheni, tujumlishe."