Magurudumu ya Mpingo

Vumbi la mpingo haliruki likaenda zake kama vumbi la barabarani. Linakaa. Linakaa kwenye kope, linakaa kwenye mikunjo ya shati, linakaa juu ya chai iliyosahauliwa bila kifuniko. Kwa Francisco liliingia kifuani na kukaa humo miaka, jeusi, laini, kimya, mpaka daktari alipomwambia kwa upole kwamba kifua hicho hakina nafasi tena, na kwamba akitaka kuwaona wajukuu wake wakikua basi aachane na kuchonga.

Akaachana. Tezo akaipandisha juu ya kabati, patasi akazivingirisha kwenye kitenge cha zamani cha mkewe, akakaa barazani kwake Rahaleo, mikono mapajani.

Mikono ile! Carlota, mkewe, aliipenda mikono kabla hajampenda mwenyewe. Ni mikono ya Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, waliovuka mto wakiwa na vifaa vyao vya kuchongea na nguo chache. Mikono iliyozoea kushika gogo gumu kama chuma na kulibembeleza, mpaka ndani yake wakatoka watu, babu amembeba baba, baba amembeba mama, mama amembeba mtoto, wote wameng'ang'aniana, wote wanacheka. Kila mara gogo lilipokwisha kuchongwa Carlota alilipapasa kwanza kwa kiganja, ndipo akalitazama. Wageni walinunua, wakaondoka nalo, naye akabaki na mikono.

Sasa mikono hiyo ililala mapajani. Salamu za majirani ziliitikiwa nusu. Chakula kiliguswa kisha sahani ikarudishwa. Jioni moja Francisco akasema, bila kumtazama mtu, "Mama Vania, mwezi ukiisha, Jumatatu ile ya kwanza, narudi kuchonga, karakana kwa Innocent. Nimechoka kukaa kama kiti."

Carlota hakubisha. Aliujua ubishi wa mume wake, ukiusukuma unakaza zaidi. Lakini aliijua pumzi yake pia, alikuwa amelala kando ya pumzi hiyo na kuihesabu kama mtu anayemlinda mgonjwa. Akirudi kwenye vumbi, atazikwa. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinainua kichwa cha Francisco. Ndege ya Dar. Ikipita juu ya mapaa kwenda kutua uwanjani, hata kama alikuwa anasinzia, kichwa kilipanda, macho yakaifuata mpaka ikapotelea nyuma ya minazi, na uso ukabaki umefunguka kwa muda mfupi, kama dirisha. Carlota aliliona dirisha hilo. Akavaa khanga zake nzuri, akaenda mjini, dukani kwa Maryambai.

Duka la Maryambai lina kila kitu na halina mpangilio. Sufuria zimekaa na saa za ukutani, nyavu zimekaa na doli. Mwenyewe huketi nyuma ya meza ya kioo, miwani puani, na anajua kila kitu kilipo. Carlota akamweleza: anataka ndege ya kurushwa kwa rimoti, si ya mtoto, ya mtu mzima ambaye hajawahi kurusha. Maryambai hakucheka. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, Aliasgar, aliyewahi kushikwa na ugonjwa huo huo wa ndege, na nyumba nzima ikaufahamu kwa lazima.

Akashusha maboksi mawili. La kwanza, loo! Ndege ya kivita, nyembamba, mbawa chini ya tumbo, pua kali, rangi ya moto. Carlota aliitamani pale pale. La pili lilikuwa na kitu kinene chenye tumbo la bata, kimetengenezwa kwa povu gumu jeupe kama lile la maboksi ya samaki, mbawa zimekaa juu ya mgongo na kufungwa kwa mipira, panga la kuzunguka liko nyuma badala ya mbele.

"Chukua hii mbaya," akasema Maryambai. "Ile nzuri itamvunjia moyo siku ya kwanza. Hii mbawa ziko juu, mwili umening'inia chini yake, basi ikiyumba, mwambie aachie, yenyewe itajiweka sawa. Ikianguka inaangukia pua, na puani hakuna cha kuvunjika. Mbawa zitachomoka, atazifunga tena." Akaonyesha jinsi ya kupima: vidole viwili chini ya mbawa, na ndege ikae juu ya vidole imetulia, imeinama mbele kidogo tu, kama mtu anayesikiliza.

Carlota akaibeba ile mbaya. Njia nzima alikuwa akijiuliza kama amenunua ndege au amenunua kichekesho.

Francisco alilifungua boksi taratibu. Akakigeuza kile kitu, akakigonga kwa kucha, akakinusa. "Hiki hata sungura anaweza kukila," akasema. Lakini hakukirudisha kwenye boksi. Siku ya pili alikuwa bado nacho. Siku iliyofuata akaona kasoro: vijigurudumu vilikuwa vidogo kama vifungo vya shati, vitazama kwenye mchanga wowote wa pwani hii. Akaomba waya. Akaomba spoku za baiskeli. Akasema inahitaji miguu. Carlota alikwenda jikoni akamshukuru Mungu mbele ya jiko la mkaa, kwa sauti, bila aibu.

Alishukuru mapema. Siku zile Francisco alianza kuaga mchana, anakwenda kunyoosha miguu, na akirudi kikohozi kilikuwa kimerudi naye. Carlota akakijua kikohozi hicho kabla hajafika mlangoni. Jumamosi jioni Francisco akaiweka ndege mezani na kuondoa kitambaa kwa fahari, na mambo yakawa wazi: alikuwa akienda kwa Innocent, anachonga.

Magurudumu ya mpingo. Meusi, duara kamili, yamepigwa msasa mpaka yanaonyesha taa. Na pua ya mpingo pia, iliyofunika pua ya povu, na kwenye pua hiyo uso: mashavu yaliyojaa, midomo iliyobana kama inapuliza moto, na michoro ya chale kwenye paji kama ya bibi zake. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchonga. Carlota alikasirika, na papo hapo akaustaajabia uso ule, akaupapasa kwa kiganja, asiweze kujizuia. Inawezekana kumkasirikia mtu na kumstahi kwa pumzi moja, walioolewa wanajua.

Ndiyo hivyo kwa mchonga mpingo. Maisha yake yote, kitu kizuri ni kitu kizito. Mnunuzi anakinyanyua, mkono unashuka, anatikisa kichwa kwa heshima: huu ni mpingo wa kweli. Mti mwepesi ni mti wa kudanganyia wageni, unapakwa rangi ya viatu na kuuzwa gizani. Francisco aliipa ndege heshima aliyoijua, na heshima aliyoijua ilikuwa uzito.

Jumapili wakatoka na pikapu ya jirani, boksi likiwa magotini kwa Carlota, kwenda kwa Neusa, dada yake Francisco, anayelima karibu na mahali Ruvuma unapofungua mdomo baharini. Huko, nyuma ya mikoko, kuna uwanda wa chumvi. Maji yakiondoka na jua likikaa, ardhi inakuwa nyeupe na ngumu na tambarare, na nuru haina pa kujificha, inatoka juu, inatoka chini, mtu anatembea katikati yake amekunja uso. Ndipo ndege ya Francisco ilipowekwa chini, tumbo la bata, miguu ya spoku, magurudumu meusi, uso wa bibi umepuliza mashavu kuelekea baharini.

Ikalia. Ikaanza kwenda. Ikaenda, ikaenda, ikaenda, kama lori lililobeba korosho za kijiji kizima, na haikunyanyuka hata kwa unene wa unywele. Mwisho wa uwanda ikaingia kwenye tope la mikoko ikasimama kichwa chini.

"Mano," akasema Neusa, ambaye mpaka leo humwita kaka yake kama walivyoitana kwao, "ndege yako imeshiba."

Neusa hakuwa na ubaya. Lakini Francisco aliitoa ndege topeni, akaifuta uso kwa mkono wa shati, na dirisha lile likafungwa. Carlota aliliona likifungwa. "Kesho ni Jumatatu," akasema Francisco. "Bora gogo. Gogo halijawahi kunifanya nichekwe mbele ya watu." Kisha akakohoa, akainama kwa kukohoa, mkono kwenye goti, na nuru yote ile nyeupe ikawa haina faida kwa Carlota.

Angeweza kulia. Angeweza kupiga magoti pale kwenye chumvi. Badala yake alichukua kisu, akakata waya, akafungua skrubu kwa ncha, akayang'oa magurudumu na uso wa bibi, na Francisco akamtazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Ndege tupu akamwekea kwenye mkono wa kushoto. Mpingo akamwekea kwenye mkono wa kulia.

"Pima, Baba Vania. Mimi sina mikono ya kupima. Wewe unayo."

Mkono wa kulia ulishuka. Mkono wa kushoto ulikuwa kama haujashika kitu. Francisco alisimama hivyo muda mrefu, na kwa mara ya kwanza mikono ile ilimwambia jambo asilotaka kulisikia.

Wakarudi kwa Neusa, wakala ugali wa muhogo na matapa, kisamvu cha nazi cha kwao. Baada ya chakula Francisco akatoka nje, akasimama mbele ya banda la kuku. Banda lilikuwa limejengwa kwa milingoti ya mkonge, ile inayochomoza katikati ya mmea na kukauka, mti ambao mchongaji haupi hata salamu. Akachomoa mmoja. Alitaka kuunyanyua kwa nguvu alizozoea, nusura autupe juu ya paa.

"Huu nao ni mti?" akauliza.

Akaukata kwa kisu cha jikoni. Haukupigwa tezo, haukusagwa msasa, haukutoa vumbi la kukaa popote. Ulikatika kama muhogo uliochemshwa vizuri. Akatoa magurudumu mapana, meupe, akayafunga mpira wa ndala pembeni ili yasilike. Hakuyachonga uso. Akayatia kwenye spoku, akaiweka ndege juu ya vidole viwili kama Carlota alivyomfundisha, ikaangukia mkia. Akaisogeza betri mbele, ikaangukia pua. Akairudisha nyuma kidogo sana, kwa ule ustadi wa mtu aliyezoea kuondoa unywele mmoja wa mti. Ikatulia. Ikainama mbele kidogo tu, kama mtu anayesikiliza.

Tazama mikono hiyo, Carlota! Ni ile ile. Ilikuwa imejifunza neno jipya mchana mmoja, na wewe ulikuwepo.

Alasiri walirudi uwandani, upepo ulikuwa mwembamba kutoka baharini. Ndege ikalia, ikaanza kwenda, na kabla hawajajua waitazame wapi, chini yake palikuwa na mwanga. Mwanga kati ya gurudumu na chumvi. Mwanga wa unene wa kidole, wa unene wa mkono, wa urefu wa mtu, na ikapanda, tumbo la bata na vyote, ikapita juu ya mikoko, mbaya kabisa, nzuri kabisa.

Francisco akaibana rimoti kama anabana patasi. Ndege ikayumba kushoto, naye akakaza kulia. Ikayumba kulia, akakaza kushoto. Ikaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Alikuwa akifanya alichofanya maisha yote, kushindana na kitu mpaka kikubali.

"Achia!" Carlota akapiga kelele. "Achia, Baba Vania! Yenyewe inajua!"

Akaachia. Vidole vikafunguka, vyote kumi, rimoti ikabaki imelala viganjani. Na ile ndege, bila kuombwa na mtu, ikanyoosha mbawa zake, ikajiweka sawa, ikaendelea kwenda mbele ya macho yao, laini, bila haraka, huku mto upande mmoja na bahari upande mwingine. Francisco akacheka. Kicheko kilitoka kifuani mle mle, kikakwaruza, lakini kilikuwa kicheko. Neusa akapiga vigelegele mpaka ndege wa kweli wakatoka mikokoni.

Ilitua vibaya, ikaruka mara mbili tatu kama chura, ikapoteza bawa. Wakalifunga tena. Ikapanda tena. Iliposhuka mara ya mwisho betri ilikuwa imekwisha na uwanda umeanza kupata rangi ya asali.

Carlota alijua ni lazima aseme. Moyo ulikataa, mdomo ukasema. "Kesho ni Jumatatu."

"Najua," akajibu Francisco. Walikuwa wamerudi kwa Neusa, naye amechutama mbele ya banda la kuku, anaigonga milingoti ya mkonge mmoja baada ya mwingine kwa kidole, sikio karibu, anachagua. "Mwambie mwenye pikapu atangulie. Tutalala hapa. Neusa anasema asubuhi upepo unakuwa mtulivu zaidi, na mimi lile bawa la kushoto sijaridhika nalo."

Carlota akaenda nyuma ya jiko, akajifunika uso kwa khanga, akalia. Alilia kilio cha mtu aliyeuguza muda mrefu, na leo mgonjwa, mwenyewe, bila kubembelezwa, ameomba chakula.