Mkamwana wa Trekta

Usiku wa kuamkia leo niliota ugomvi. Mwanzo wake sikuuona. Nilifika tu nikakuta nimeshashika kiuno, sauti imeshapanda, na mume wangu, Baba Subilaga, amesimama kati ya trekta na jenereta kama mshenga aliyekula pande zote mbili.

"Litoke sebuleni!" nilikuwa nasema.

"Nje kuna mvua," akasema Baba Subilaga.

"Na humu ndani kuna moshi wake. Utatuua."

Trekta lilikuwa limekaa kwenye kochi, limekunja magurudumu ya mbele. "Mimi sivuti," likasema.

Sikuliamini. Bomba lake lilikuwa jeusi mpaka mdomoni.

Umeme ulikuwa umekatika. Kwenye tangi la kupozea, maziwa ya kikundi chetu, jasho la majirani wote wa bonde, yalikuwa yanaanza kupata joto. Yaliuliza kwa adabu, kupitia dirishani: "Mama Subilaga, tuanze kuganda au tusubiri?"

"Subirini."

"Tutajaribu," yakasema.

Nikapepesa macho. Sebule ikawa uwanja wetu wa nyuma, pakavu, tambarare kama meza. Trekta limeegeshwa, breki imevutwa, limenuna. Jenereta imekaa nyuma yake. Katikati yao ipo shafti inayopeleka nguvu kutoka kwa huyu kwenda kwa huyu, na imejikunyata.

"Sizunguki bila nguo," inasema.

"Nguo yako iko wapi?"

"Muulize mumeo."

Baba Subilaga anatazama migomba. Kifuniko cha shafti, lile bomba la plastiki la njano, amekifanya mfereji wa kunyweshea ndama. Nakwenda kukitoa, naivisha shafti, nafunga na vinyororo vyake. Halafu nagundua inaitazama kanga yangu.

"Unaitazamia nini?"

"Sijaitazama."

"Umemeza mate."

Navua kanga, naitupa mbali isije ikanaswa, nabaki na suruali. Shafti inahema kwa masikitiko. Nalinyoshea trekta kidole: pole pole kwanza, ndipo mizunguko ipande. Linatii upesi mno. Hilo nalo silipendi.

Hapo mkamwana akatoka ndani ya jenereta. Ulikuwa ni umeme mpya, umejitanda vitenge, umeinamisha kichwa. Kwetu Unyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake njiani, anajichimbia migombani mpaka mzee apite. Na baba mkwe wa huyu ni umeme ule mkubwa, unaokuja nyumbani kwa nguzo kutoka barabarani. Ndiyo maana mlangoni hutakiwa kukaa mlinzi, swichi ya kugeuza njia, anayemfungia mmoja ndipo ampitishe mwingine.

Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?"

"Tutamleta mwakani," akasema Baba Subilaga.

Juu ya kiti umejikunja waya. Kila mwisho una plagi.

"Wewe ni nani?"

"Waya tu, mama," ukasema.

"Mbona una vichwa viwili?"

"Kimoja cha akiba."

Nikazidi kuutilia shaka. Kichwa cha akiba hakikonyezi, na kile kilikuwa kinamkonyeza mume wangu.

"Kimoja nachomeka kwenye jenereta, kingine kwenye soketi ya ukutani," akasema Baba Subilaga. "Nyumba nzima inawaka. Watu wote huku kwetu wanafanya hivyo. Acha ukali, maziwa yanaharibika!"

"Tunaharibika," yakasema maziwa, bila kulaumu mtu.

Nguzo ya umeme ikaota katikati ya uwanja. Juu yake amekaa Sekela, jirani yetu, fundi wa laini, mama wa watoto watatu. Ameshika waya kwa mikono mitupu kama anaanua nguo.

"Mama Subilaga!" akaita. "Huko kwako kumezimwa?"

"Kumezimwa!" wakajibu trekta, jenereta na waya kwa mpigo mmoja, kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Mazoezi hayo waliyafanya lini?

Mkamwana akanivuta mkono. "Mama," akanong'ona, "waya huu unanipitisha mlango wa nyuma. Unanitoa barabarani."

"Baba mkwe hayupo," kichwa cha kwanza kikasema. "Kasafiri."

"Najua hayupo," akasema mkamwana. "Nitamkuta yule dada wa nguzoni, mikono mitupu."

Waya ukaruka. Kichwa kimoja kikaingia kwenye jenereta, kingine kikakimbilia soketi, Baba Subilaga nyuma yake akikisukuma na kusema maziwa, maziwa. Nikakidaka kwa kiganja. Kikaning'ata.

Nikaamka. Kumekucha, taa haiwaki, na upande wa Baba Subilaga kitanda kimeshapoa. Kiganja kiliwasha. Nilikisogeza dirishani nikaona alama tatu nyekundu, za pembe nne, zimepangika sawasawa na pini za plagi. Niliinua mashuka, nikainua na godoro. Hapakuwa na plagi yoyote.

Nje trekta likaanza kuunguruma.

Nilitoka bila viatu. Waya wa vichwa viwili ulikuwa kibarazani, bado haujachomekwa popote. Nilihakikisha ncha zote mbili kwa macho yangu. Nikachukua koleo la kukatia, nikaukata katikati.

"Mama Subilaga!" mume wangu akapiga kelele kutoka kwenye trekta. "Sasa umeme utaingiaje ndani?"

"Hauingii ndani. Tangi linachomekwa lenyewe kwenye jenereta. Vingine vyote vikae gizani."

"Na friji?"

"Friji itavumilia. Sekela yuko njia panda, anapanda nguzo. Geuka umwone."

Akageuka. Akashuka kwenye trekta.

Nikamwekea vipande viwili mkononi, kila kimoja na kichwa chake, kama waya wa nyumba nyingine yoyote.